Damu Katika Mkojo: Kichocho au Saratani?

Mkulima wa Maramba, wilayani Mkinga, akikojoa damu, huenda akadhani kichocho cha utotoni kimerejea. Pengine ndivyo. Lakini mwaka 1994 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani ulikiorodhesha kimelea cha kichocho cha mkojo miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Kibofu ndicho kinachoathirika.

Altrasaundi huweza kuonesha uvimbe kibofuni na figo zilizojaa mkojo. Kinyama kinachochunguzwa kwa hadubini ndicho huthibitisha saratani. Hata hivyo, tiba huamuliwa na swali jingine: je, imesambaa? Kipimo cha CT hutafuta jibu katika tezi za limfu za nyonga, ini na mapafu. MRI huonesha uvimbe umepenya kiasi gani katika msuli wa kibofu. Tezi inayozidi milimita 10 hushukiwa, ingawa maambukizi nayo huivimbisha, na tezi ndogo yaweza kuficha saratani.

Saratani ambayo haijatoka kibofuni yaweza kuondolewa kwa upasuaji. Iliyosambaa mbali hukabiliwa hasa kwa dawa. Kwa hiyo damu katika mkojo, hata isiyo na maumivu, hata ikikoma yenyewe, isisubiri mavuno yapite.