Pua Kuziba Wakati wa Karafuu

Wengi wetu pua ikiziba hudhani imejaa kamasi tu, basi hupenga kwa nguvu mpaka masikio yakauma. Aghalabu kinachoziba ni ngozi laini ya ndani iliyovimba kwa kujaa damu, na uvimbe haupengeki.

Mafua huivimbisha, nayo hupoa yenyewe kwa juma moja hivi. Vumbi nalo huivimbisha, hasa karafuu kavu zinapoanuliwa majamvini na kutiwa maguniani. Anayepiga chafya kila msimu, macho yakimwasha, na afunge kitambaa puani. Akimaliza kazi aoshe pua kwa kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi.

Dawa ya matone ya dukani hufungua pua upesi, na hapo ndipo penye hatari. Ikitumiwa zaidi ya siku tano hivi, pua huizoea, ikaziba zaidi kila dawa inapoisha nguvu. Mtu huongeza matone, na dawa ikawa ndiyo maradhi. Aliyekwisha kunaswa na amwendee daktari. Mafuta ya karafuu, ingawa ni yetu, yasitiwe puani kabisa: huunguza.