Meli ya matofali 9090: juu ya nini watu wazima wanangojea kitu cha mchezo?

Katika mwezi wa 10 wa mwaka 2021, kule Ulaya na Marekani, kulikuwa watu wazima wenye kuhesabu siku. Kati yao walikuwa watu wa biro, waganga, walimu, mafundi wa mashini, baba na mama wenye watoto wakubwa. Walikuwa wanangojea karto moja. Ndani ya karto ile mlikuwa vipande 9090 vya plastiki. Mtu akiviunganisha vyote kufuatana na kitabu chake, anapata meli Titanic yenye urefu wa sentimetre 135. Bei yake katika Marekani ilikuwa karibu dolari 630. Kampani ya LEGO ya Denmark ilitangaza meli hiyo mwanzoni mwa mwezi wa 10, na kuuzisha kulianza mwezi wa 11. Katikati ya siku hizo mbili, wakusanyaji hawakulala vizuri.

Wengine wetu watacheka: «Watu wazima kabisa, na wanangojea mchezo wa watoto? Hawana kazi?» Tungoje kidogo mbele ya kucheka. Kwanza tujue jambo lenyewe.

Fundi wa mbao wa Billund

Jambo hili lilianza katika kijiji kimoja kidogo cha Denmark, jina lake Billund. Kulikuwa seremala mmoja, Ole Kirk Christiansen, mtu wa Kanisa la Kilutheri, aliyeshika dini sana. Mwaka wa 1932 ulikuwa mwaka mbaya kwake. Wakulima hawakuwa na feza, hakuna aliyejenga nyumba, kazi ilikwisha. Mwaka ule ule bibi yake akafa, akamwachia watoto wanaume wanne. Ole Kirk alikuwa anatengeneza ngazi na meza za kupigia pasi. Akaanza kutumia vipande vidogo vya mbao kwa kufanya vitu vya mchezo: motokari, bata wa kuvuta na kamba. Mwaka wa 1934 akapa kazi yake jina LEGO, kutokana na maneno mawili ya Kideni, leg godt, ni kusema «cheza vizuri».

Watu wa Billund wanapenda kusimulia habari moja juu ya wale bata. Siku moja kijana wake Godtfred akarudi nyumbani na furaha. Akamwambia baba yake: nimeokoa feza, bata wa leo nimewapaka vernis mara mbili tu, si mara tatu. Baba akamwamuru arudi kwenye gari la moshi, achukue makarto yote, apake mara ya tatu, tena afanye kazi ile peke yake, hata usiku kucha. Kijana akafanya. Kiisha yeye mwenyewe akawa mkubwa wa kampani.

Baada ya vita kuu ya pili, Ole Kirk alinunua mashini ya kumimina plastiki. Mwaka wa 1949 akaanza kufanya matofali madogo. Tusiseme kwamba wazo lote lilitoka kichwani mwake. Mwingereza mmoja, Hilary Fisher Page, alikuwa amekwisha kufanya matofali ya namna ile. Matofali ya kwanza yalikuwa na shida: yalikuwa wazi ndani, hayakushikana kwa nguvu. Tarehe 28 ya mwezi wa kwanza 1958 ndipo Godtfred aliandikisha tofali lenye mirija midogo ndani. Vinundu vya juu vya tofali moja vinabanwa na mirija ya tofali lingine, na nyumba haianguki. Mwaka ule ule Ole Kirk akafa. Na tazameni jambo hili: tofali la mwaka 1958 linaingia mpaka leo katika tofali lililotoka usine mwaka huu. Baba anaweza kumpa mjukuu matofali yake mwenyewe, na yatashikana.

Mtu wa hesabu wa Copenhagen alihesabu njia za kuunganisha matofali 6 tu ya namna moja, yenye vinundu 8 kila moja, rangi moja. Alipata njia 915 103 765. Basi msishangae kama mtoto hachoki.

Watoto waliokua

Lakini mtoto anakua. Anafika miaka 13 au 14, anaona haya, anaweka matofali katika sanduku, anakwenda kwenye mpira na mambo mengine ya vijana. Wapenzi wa LEGO wenyewe wanaita wakati huo «miaka ya giza». Halafu anaoa, anapata kazi, siku moja anaingia magazini kumtafutia mtoto wake zawadi, na mkono wake mwenyewe unashika karto. Wengi wanasimulia kwamba walirudi kwa njia hiyo.

Kampani ilichelewa kuwaona watu hawa. Katika miaka ya 2003 na 2004 ilipata hasara kubwa, karibu ianguke. Jørgen Vig Knudstorp, mtu wa kwanza kuiongoza asiyekuwa wa jamaa lile, akaanza kuisimamisha tena tangu 2004. Mambo mengi yalisaidia, na moja lilikuwa hili: waliwasikiliza wateja wazima. Tangu mwaka wa 2000 kulikuwa tayari seti kubwa za filme ya Star Wars kwa ajili ya wakusanyaji. Mwaka 2007 ikatoka chombo cha anga Millennium Falcon, vipande 5195. Mwaka 2017 ikatoka nyingine, vipande 7541, dolari 800. Mwaka 2020 Colosseum ya Roma, vipande 9036. Mwaka 2022 mnara wa Eiffel, vipande 10 001, urefu wa sentimetre 149, ni kusema unamfikia mtoto wa miaka 12 kichwani. Tangu 2020 makarto ya namna hii ni meusi, na juu yake imeandikwa 18+. Ni mchezo ambao karto yake yenyewe inasema si wa watoto.

Namna habari inavyotembea

Kungojea kule kuna desturi yake. Miezi mingi mbele, namba moja inatoka, paka namba, bila jina. Mtu anasema amesikia kwamba ni meli. Mwingine anasema hapana, ni kanisa kubwa. Kiisha picha moja inatoka kwa siri, haionekani vizuri, na watu wanaikuza, wanahesabu madirisha. Wanabishana juu ya bei. Siku kampani inapotangaza, nusu ya watu wanafurahi na nusu wanalalamika: rangi si hii, upande wa nyuma ni wazi, bei ni wizi.

Hesabu yao ya kwanza ni bei ya kipande kimoja. Wazee wa mchezo huu wanasema kipande kimoja kisipite senti 10 za dolari. Titanic: dolari 630 kwa vipande 9090, karibu senti 7 kila kipande. Mnara wa Eiffel, zaidi kidogo ya senti 6. Millennium Falcon ya 2017, zaidi ya senti 10. Mwaka 2025 ikatoka Death Star, ngome nyingine ya Star Wars, vipande 9023 kwa dolari 1000, ni kusema senti 11. Ilikuwa seti ya kwanza ya LEGO kufika dolari elfu moja, na makelele yalikuwa makubwa. Lakini mwenye akili anajua kwamba hesabu hii inadanganya. Kipande kidogo kama punje ya muhindi na kipande kirefu kama kidole vyote vinahesabiwa kimoja. Anayetafuta senti nafuu anaweza kununua punje nyingi.

Wale wanaonunua ili wauzishe

Kuna wengine ambao hawafungui karto hata kidogo. Wananunua mbili, tatu, wanaziweka katika chumba kikavu, wanangojea. Sababu yao ni hii: LEGO haitengenezi seti moja siku zote. Baada ya miaka michache inaiachisha, na kisha pale bei inapanda katika soko la wakusanyaji. Wachunguzi wawili wa chuo kikuu kimoja cha Moscow walitazama bei za seti 2322 za miaka 1987 mpaka 2015. Waliona kwamba, kwa wastani, bei ilipanda karibu 11 kwa mia kila mwaka. Mtu akisikia hivi, anafikiri amepata mgodi wa zahabu nyumbani.

Lakini wachunguzi hao hao waliona kwamba seti zote haziko sawa. Zingine zilipanda sana, zingine zilipoteza mpaka nusu ya bei kwa mwaka. Na kuna habari ya Taj Mahal, ile nyumba ya kaburi ya India. Seti yake ilitoka 2008, vipande 5922, dolari 300. Ilipoachishwa, bei ikapanda mara nyingi kupita ile ya kwanza. Watu walinunua kwa bei ile kubwa, wakiamini haitarudi tena. Mwishoni mwa 2017 kampani ikaitoa mara ya pili, karibu sawasawa kabisa, kwa dolari 370. Aliyenunua kwa bei kubwa mwezi uliopita alibaki na karto mikononi. Hakuna aliyemwibia. Alikuwa ameweka feza yake katika kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukitengeneza tena asubuhi yoyote anayotaka.

Sisi watu wa migodi tunajua neno hili. Bei ya shaba haitungwi kwetu. Mtu akitegemea kitu ambacho bei yake inatungwa mbali, asile mbegu.

Meli na watu wa chini

Turudi kwa Titanic. Meli ya kweli ilikuwa na urefu wa metre 269. Iliondoka Southampton tarehe 10 ya mwezi wa 4, 1912, ikagonga mlima wa barafu usiku wa tarehe 14, ikazama mbele ya jua kutoka. Watu karibu 1500 walikufa. Ile ya matofali ni ndogo mara 200. Inagawanyika katika sehemu tatu, na ukiitenganisha unaona ndani: ngazi nzuri ya matajiri, chumba cha kuvutia tumbako, na chini kabisa vyumba vya moto. Ukizungusha mapanga ya nyuma, mashini ya ndani inatembea.

Hapa nauliza swali langu. Je, ni vizuri kufanya mchezo kwa mahali ambapo watu walikufa? Naona jibu linategemea mjengaji. Anayejenga vyumba vya moto kwa mikono yake, tofali kwa tofali, anaweza kufikiri juu ya wanaume waliokuwa pale wakitupa makaa usiku na mchana, na wengi wao hawakupanda tena. Wanawake wa kambi zetu, wanaongojea bwana apande kutoka chini, wataelewa mambo haya bila kitabu. Lakini anayetaka paka meli iangaze sebuleni, huyo amenunua pambo, na wale watu wa chini hawamo.

Kabati ambayo mtoto hagusi

Sitaki kuwacheka wakusanyaji. Kuna mema mengi kwao. Kujenga vipande 9090 ni kazi ya mangaribi mengi. Mtu anakaa nyumbani, mikono inafanya kazi, kichwa kinapumzika. Wengine wanajenga pamoja na bibi au watoto, huyu anatafuta vipande, yule anaunganisha. Kila mwaka wapenzi wanakutana, kwa mfano huko Skærbæk katika Denmark, wanaonyeshana kazi zao, na mtu aliyekuwa peke yake anapata wenzake.

Lakini kuna jambo linalonihuzunisha. Meli ikikwisha, inawekwa juu ya kabati. Mtoto anakuja, macho makubwa, ananyosha mkono. «Usiguse!» Kitu kilichoanza katika nyumba ya seremala mwenye watoto wanne wasiokuwa na mama, kitu ambacho jina lake ni «cheza vizuri», sasa mtoto anakatazwa kukigusa.

Kwetu pengine haiko LEGO. Ni telefone mpya inayotangazwa, ni ekrani kubwa, ni viti vya sebule vyenye plastiki ambavyo hakuna mtoto anayekaliwa na ruhusa kuvikalia. Kungojea ni kule kule, na kabati ni ile ile. Basi siku kitu kikubwa kinakuja, bwana na bibi wakae chini mbele ya siku ya mshahara, waulizane mambo matatu. Feza hii ni ya nini, na kitu gani kitakosa nyumbani tukiitoa? Tukinunua, tutakitumia pamoja, ama mmoja atakilinda na wengine watakiogopa? Na kama bei ikianguka kesho, tutakipenda bado?

Kama majibu ni mazuri, nunueni kwa furaha, na mwiteni mtoto aje kutafuta vipande. Mikono yake midogo inaona vitu ambavyo macho yetu hayaoni tena.