Shaba Yenye Tundu la Mraba: Sarafu za Kale za China Zilizoweka Rekodi, na Watu Waliozienzi

Wakusanyaji wa sarafu nchini China wana kisa wanachokisimulia hadi leo. Katika miaka ya 1920, mfanyabiashara wa sarafu za kale aitwaye Dai Baoting alikuwa akizunguka vijijini Poyang, mkoa wa Jiangxi, kutafuta bidhaa. Akawakuta watoto wakipiga danadana kwa kichezeo cha manyoya, kile kinachorushwa kwa mguu kisiguse chini. Kitako cha kichezeo hicho, kinachokipa uzito, kilikuwa sarafu kuukuu ya shaba, nayo ilikuwa imetobolewa vijitundu vinne. Dai akaiomba, akaisafisha kwa kidole, akasoma herufi nne: Da Qi Tongbao. Alikuwa ameshika moja ya sarafu adimu kuliko zote katika historia ya China.

Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Ile shaba ilikuwa ileile mguuni mwa mtoto na kiganjani mwa Dai. Kilichoongezeka ni mtu wa kuitambua. Ndiyo maana orodha hii ya rekodi inawataja watu sambamba na sarafu.

Kiwanda cha kale zaidi

Kabla ya sarafu, Wachina walithamini kauri, simbi za baharini. Katika kaburi la malkia Fu Hao huko Anyang, lililofukuliwa mwaka 1976, zilikutwa kauri zaidi ya 6,800. Baadaye zikaja sarafu za shaba zenye umbo la sepetu na za umbo la kisu. Huko Guanzhuang, mkoa wa Henan, wanaakiolojia walichimbua karakana yenye kalibu za udongo za kumiminia sarafu za sepetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa kazi hiyo ilianza kati ya mwaka 640 na 550 KK. Hakuna kiwanda cha sarafu cha kale kuliko hicho ambacho umri wake umepimwa kwa uhakika.

Iliyodumu sokoni kuliko zote

Umbo la duara lenye tundu la mraba lilienea China nzima baada ya Mfalme Qin Shi Huang kuiunganisha nchi mwaka 221 KK. Tundu lile lilikuwa na kazi mbili. Fundi alipitisha humo ufito wa mraba, akazibana sarafu nyingi pamoja zisizunguke, akazipiga tupa kingo kwa mkupuo mmoja. Mwenye mali naye alipitisha kamba, akapata mtungo.

Mwaka 118 KK, Mfalme Wu wa enzi ya Han alitoa sarafu ya wu zhu, yenye uzito wa gramu 3 na ushei. Falme zilianguka, nyingine zikasimama, wu zhu ikaendelea kumiminwa. Iliondolewa rasmi mwaka 621, ilipokuja Kaiyuan Tongbao ya enzi ya Tang. Ni zaidi ya miaka 700 ya jina moja la fedha.

Akiba ya tani 10

Mwaka 74 KK, kijana Liu He alikaa kwenye kiti cha enzi kwa siku 27 tu, kisha akaondolewa. Alifariki mwaka 59 KK akiwa na cheo cha Kabaila wa Haihun. Kaburi lake karibu na jiji la Nanchang lilipochimbwa kuanzia mwaka 2011, kilikutwa kichuguu cha sarafu za wu zhu: takriban tani 10, karibu sarafu milioni 2. Baadhi zilikuwa bado zimepangwa katika mitungo ya sarafu 1,000 kila mmoja, ushahidi kwamba hesabu hiyo ilitumika mapema sana.

Shehena nzito zaidi baharini

Mwaka 1323, jahazi kubwa liliondoka bandari ya Ningbo kwenda Japani, likazama karibu na Sinan, pwani ya Korea. Lilipozamiwa kati ya mwaka 1976 na 1984, zilitolewa tani 28 za sarafu za Kichina. Majirani wa China walizihitaji kwa biashara zao wenyewe. Enzi ya Song pekee, karibu na mwaka 1080, ilitengeneza mitungo zaidi ya milioni 5 kwa mwaka mmoja.

Nzito kuliko zote

Huize, wilaya ya machimbo ya shaba mkoani Yunnan, inatunza sarafu ya Jiajing Tongbao ya enzi ya Ming. Upana wake ni sentimita 57.8, na uzito wake ni zaidi ya kilo 41. Hakuna aliyeibeba kwenda sokoni. Ilitengenezwa kwa heshima, na ndiyo iliyoingizwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness.

Yenye mwandiko bora

Hapa nasema kwa moyo wangu: hakuna inayoishinda Daguan Tongbao, iliyotoka kati ya mwaka 1107 na 1110. Herufi zake zimeigwa kutoka mwandiko wa Mfalme Huizong mwenyewe. Mistari ni myembamba kama waya, na ncha zake kali zinasimama wima juu ya shaba. Huizong alishindwa kuilinda nchi yake, akafia uhamishoni, lakini mkono wake unasomeka hadi leo kwenye sarafu ambazo mtu wa kawaida alinunulia mchele.

Kitabu cha kale zaidi kilichobaki

Mapenzi haya hayakuanza jana. Mwaka 1149, msomi Hong Zun alikamilisha *Quan Zhi*, kitabu cha juzuu 15 kuhusu sarafu za kale. Ndicho kitabu cha Kichina cha fani hii cha kale kuliko vyote vilivyotufikia kikiwa kizima.

Adimu kuliko zote

Sasa turudi kwa Da Qi Tongbao. Zinazojulikana ni mbili. Ya kwanza, iliyomeguka ukingoni, ilikuwa ya Dai Xi, mchoraji na afisa wa Hangzhou. Waasi wa Taiping walipouteka mji huo mwaka 1860, Dai Xi alijitosa majini akafa, na sarafu yake haijaonekana tena. Umebaki mchapo wake wa wino kwenye karatasi. Ya pili ni ile ya watoto wa Poyang. Ilinunuliwa na Zhang Shuxun wa Shanghai, tajiri aliyeitwa mfalme wa sarafu za kale. Alivyoipenda, chumba chake cha kusomea alikiita Qi Zhai, kwa jina la sarafu hiyo. Mwaka 1938 alihamia Marekani akaenda nayo, na mwaka 1948 akafariki huko.

Mshindani wake ni Guobao Jinkui Zhi Wan ya zama za Wang Mang, aliyetawala mwaka 9 hadi 23. Juu ni duara lenye tundu la mraba, chini kuna kipande cha mraba chenye maneno yanayotangaza kuwa ina thamani ya 10,000. Chen Rentao aliyeimiliki naye alikiita chumba chake Jinkui. Alihamia Hong Kong na hazina yake, na mwaka 1952 serikali ya China ikaununua mkusanyo wake na kuurudisha nyumbani.

Mkono uliofunguka zaidi

Luo Bozhao, mfanyabiashara kutoka Sichuan, alianzisha chama cha wapenda sarafu mjini Shanghai mwaka 1940, vita vikiwa vimepamba moto. Jarida lao lilitoka mara 32 kabla ya kusimama. Mwaka 1957 alitoa bure sarafu zake zaidi ya 15,000 kwa makumbusho ya taifa. Kwangu mimi, hii ndiyo rekodi kubwa kuliko zote zilizotajwa hapa.

Ghali zaidi mnadani

Mwaka 2022, sarafu ya majaribio ya fedha iliyotengenezwa Fengtien, kaskazini mashariki ya China, mwaka 1903, iliuzwa Hong Kong kwa dola milioni 6.9 za Marekani. Hakuna sarafu ya Kichina iliyokuwa imewahi kufika bei hiyo.

Zilizotufikia sisi

Sarafu za tundu la mraba hazikuishia Asia. Mwaka 1945 huko Kajengwa, karibu na Makunduchi, Unguja, ilifukuliwa akiba ya sarafu za Kichina zaidi ya 170, nyingi za enzi ya Song. Mwaka 2010 huko Mambrui, kaskazini ya Malindi, ikapatikana Yongle Tongbao, na mwaka 2013 ikatangazwa nyingine kutoka kisiwa cha Manda. Mfalme Yongle alitawala 1402 hadi 1424, na ndiye aliyemtuma jemadari Zheng He na meli zake baharini.

Mnadani, Yongle moja haina bei kubwa. Ya Mambrui ina uzito mwingine, kwa sababu wachimbaji waliandika ilikuwa tabaka lipi la udongo na ililala pamoja na nini. Kwa hiyo wewe unayelima shamba, unayechimba msingi wa nyumba au unayeokota vitu ufukweni Lamu, Pemba au Kilwa: ukiona shaba ya kijani yenye tundu la mraba, usiisugue kwa mchanga wala ndimu. Weka alama mahali ulipoiona, piga picha, kisha ipeleke makumbusho ya karibu. Ikishatoka ardhini bila kumbukumbu, hakuna mtaalamu wala tajiri atakayeweza kuirudishia habari zake.