Jina la Ukoo O'Brien: Asili na Mabadiliko Yake

Jina O'Brien lina chimbuko lake nchini Ayalandi. Umbo lake asilia ni Ó Briain. Katika lugha ya Kiayalandi, Ó humaanisha mjukuu au mzawa. Hivyo basi, Ó Briain ni mzawa wa Brian. Anayerejelewa ni Brian Boru, mfalme aliyeuawa katika vita vya Clontarf, karibu na Dublin, mwaka wa 1014.

Ikumbukwe kwamba jina hili hubadilika kulingana na mwenye kuitwa. Binti huitwa Ní Bhriain, naye mke Uí Bhriain. Jambo linalokaribiana na matumizi ya bin na binti miongoni mwa Waswahili.

Chini ya utawala wa Waingereza, jina liliandikwa kwa tahajia ya Kiingereza, na baadhi ya familia zikaidondosha O, zikabaki Brien. Harakati za kufufua Kiayalandi, hasa baada ya kuasisiwa kwa Conradh na Gaeilge mwaka wa 1893, zilichochea wengi kuirejesha. Hata hivyo, katika O'Brien, mume, mke na binti huandikwa sawa. Herufi ilirudi, sarufi iliyoibeba haikurudi nayo. Mtafiti wa majina hana budi kuyachunguza yote mawili.