Vyeo vya Kanisa (4): Kardinali ni Mpiga Kura wa Roma

Makala iliyopita iliishia kwa maaskofu wakuu na mapatriarki; hii ni ya makardinali. Tangu konklave ya Mei 2025, ambamo makardinali 133 walimchagua Papa Leo XIV kwa siku mbili tu, mazungumzo mengi yamekuwa ya kuhesabu nchi gani ina makardinali wangapi. Hesabu hiyo inatupotosha, kwa kuwa inaufanya ukardinali uonekane kama daraja la juu zaidi. Madaraja matakatifu yanabaki matatu: ushemasi, upadre na uaskofu. Ukardinali ni wajibu anaobebeshwa mtu juu ya daraja alilo nalo. Giacomo Antonelli, kardinali aliyekuwa mkono wa kuume wa Papa Pio IX katika mambo ya serikali, alifariki mwaka 1876 akiwa bado shemasi. Sheria ya Kanisa ya 1917 ndiyo iliyotaka kardinali awe walau padre, na mwaka 1962 Papa Yohane XXIII akaagiza wote wawe maaskofu.

Wajibu wenyewe ni kumshauri na kumchagua Askofu wa Roma. Mwaka 1059 Papa Nikola II aliwapa makardinali wa ngazi ya maaskofu kauli ya kwanza katika uchaguzi, ili kuuondoa mikononi mwa mabwanyenye wa mji huo. Mwaka 1179 Aleksanda III akaweka sharti la theluthi mbili ya kura. Hata hivyo, sheria haimponyi mtu ukaidi. Klementi IV alipofariki Viterbo mwaka 1268, makardinali walivutana karibu miaka mitatu, hadi wenyeji wakawafungia ndani na kuwapunguzia chakula. Aliyechaguliwa mwaka 1271, Gregori X, hakuwa kardinali wala padre, naye ndiye aliyekomesha uzembe huo. Mwaka 1274 aliamuru wachaguzi wafungiwe: siku tatu zikipita bila Papa, kila mlo uwe wa chakula cha aina moja, tano zaidi zikipita, wabaki na mkate, maji na divai. Mapato yao nayo yakazuiwa. Kanisa lilijua kwamba mkubwa akisahau kazi yake, hukumbushwa.

Wapo watakaouliza: je, Afrika isifurahi inapopata makardinali? Ifurahi, na kwa sababu iliyo sahihi. Laurean Rugambwa wa Bukoba, Mwafrika mweusi wa kwanza kuwa kardinali, alipoteuliwa mwaka 1960 alikabidhiwa kanisa la San Francesco a Ripa, kwa kuwa kila kardinali wa ngazi ya padre, hata akiwa askofu, huhesabiwa miongoni mwa mapadre wa Roma. Heshima ya Bukoba ilikuwa kwamba mwana wake amepewa sauti katika uchaguzi unaoligusa Kanisa zima. Kikomo cha wachaguzi 120 alichoweka Paulo VI kimevukwa, na kuna haja ya kukijadili. Lakini idadi yoyote itakuwa bure iwapo waamini watashangilia vazi jekundu bila kudai ushauri wa kweli na kura ya dhamiri kutoka kwa anayelivaa.