Moyo usioshika mdundo: Mgonjwa achague tiba ipi?

Msikilizaji, moyo wenye afya hupiga kwa mpangilio. Lakini wapo watu, wengi wao wazee, ambao vyumba vya juu vya moyo wao hutetemeka tu badala ya kusukuma damu sawasawa. Hali hiyo ikiendelea kwa zaidi ya siku 7, madaktari huihesabu kuwa sugu. Mgonjwa huhisi moyo ukienda mbio, huchoka upesi na kuishiwa pumzi. Baya zaidi, damu iliyotuama katika vyumba hivyo yaweza kuganda, na bonge lake likafika kwenye ubongo na kuleta kiharusi.

Je, tiba ni zipi? Njia ya kwanza ni kupunguza kasi ya moyo kwa vidonge na kuuacha uendelee kupiga bila mpangilio. Ya pili ni kuurejesha katika mdundo wake, ama kwa dawa, ama kwa mshituko wa umeme mgonjwa akiwa usingizini, ama kwa mrija mwembamba unaopitishwa katika mshipa wa paja hadi moyoni. Mrija huo huunguza au kugandisha kwa baridi sehemu zinazozunguka mishipa itokayo kwenye mapafu. Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kuwa vurugu hizo mara nyingi huanzia humo. Hata hivyo ugonjwa waweza kurudi, na mara chache mrija hujeruhi moyo wenyewe.

Uchunguzi uitwao AFFIRM, uliochapishwa mwaka 2002, ulilinganisha njia hizo mbili kwa wagonjwa 4,060 wa Marekani na Kanada. Waliorejeshewa mdundo, wengi wao kwa dawa, hawakuishi zaidi ya wenzao. Uchunguzi mwingine wa Ulaya, wa mwaka 2020, uliona faida pale mdundo ulipoanza kushughulikiwa katika mwaka wa kwanza tangu ugonjwa kugunduliwa. Kwa hiyo muda wa ugonjwa, umri na dalili ndivyo vya kupimwa kwanza.

Lakini AFFIRM ilifichua jambo jingine zito. Viharusi vingi, katika makundi yote mawili, viliwapata walioacha dawa ya kuzuia damu isigande, au ambao dawa hiyo haikufikia kiwango kinachotakiwa. Maana yake, moyo uliotulia si ruhusa ya kuacha kinga.

Na kinga yenyewe haifanani kwa wote. Kwa wenye vali za moyo zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, maradhi ambayo bado yapo Afrika Mashariki, uchunguzi wa mwaka 2022 katika nchi 24 ulionyesha kuwa dawa za zamani kama warfarini ziliokoa maisha zaidi kuliko dawa mpya ya rivaroksabani, ingawa zinahitaji damu kupimwa mara kwa mara.

Basi anayeulizwa na daktari achague njia ipi, naye amwulize: na kinga yangu dhidi ya kiharusi itaendelea hadi lini?