Kompyuta Ikikataa Kuamka, Msikimbilie Kufuta Diski

Wapo mafundi hapa Mwanza ambao dawa yao kwa kila kompyuta ni moja tu: futa diski, weka upya. Ndugu wasikilizaji na wasomaji, wiki hii nataka tuitazame dawa hiyo, maana wakati mwingine humwua mgonjwa aliyekuwa mzima.

Ukibonyeza kitufe, mtambo haujui Linux imelala wapi. Huamka kwanza programu ndogo sana, mafundi huiita butiloda, nayo kazi yake ni kwenda kwenye diski, kulikuta faili lenye kiini cha Linux na kulipakia. Hapo ndipo penye matata.

Butiloda ya zamani, LILO, ilikuwa kama mtoto anayetumwa Makoroboi akiwa amekaririshwa: nyumba ya saba, kisha ya kumi na mbili. Haikusoma kibao chochote. Ukibadilisha kiini bila kuikaririsha upya, ilipotea njia. Utengenezaji wake ulikoma mwishoni mwa 2015. GRUB, inayotumika sana leo, husoma vibao yenyewe. Ndiyo maana inalazimika kuujua mwandiko wa kila mfumo wa mafaili: ext4, XFS, Btrfs na mingineyo.

Sasa, mwandiko nao hubadilika. Februari 2023 lilitoka toleo la 1.47.0 la e2fsprogs, zana za kutengenezea ext4, nalo likawasha lenyewe kipengele kiitwacho metadata_csum_seed. Kiini cha Linux kilikwisha kukielewa zamani. GRUB 2.06, ya mwaka 2021, haikukielewa. Wenzetu wa Debian 12 walikizima mapema katika toleo lao. GRUB yenyewe ilijifunza katika 2.12, Desemba 2023.

Nimeshuhudia matokeo yake pale Kirumba. Mfanyabiashara wa dagaa alikuwa na madeni ya wateja wake yote ndani ya kompyuta moja. Diski ilipoanza kufa, fundi akaleta mpya, akaipanga kwa flashi yenye Linux mpya, akanakili humo mfumo wa zamani pamoja na GRUB yake. Kuwasha: kioo cheusi, na maneno mafupi ya Kiingereza kwamba mfumo wa mafaili haujulikani. (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishatupa Jambo OpenOffice ya Kiswahili mwaka 2004, lakini kwenye kioo kile cheusi mama wa watu alibaki kukodoa macho.) Fundi akaanza kutaja kufuta. Na diski ya zamani ilikuwa imekwisha zimika!

Mafaili yalikuwa salama yote. Fundi mwingine aliwasha kwa flashi ileile, akanakili madeni pembeni kwanza, kisha akakizima kipengele kile kwa amri ya tune2fs bila kuifungua sehemu ile ya diski. Kazi ya dakika chache.

Njia nyingine, na mimi ndiyo ninayoipendelea, ni kutenga sehemu ndogo ya diski kwa ajili ya /boot, ya gigabaiti moja hivi, kwa ext2 au ext4 isiyo na vipengele vipya. Huko kwingine mwenye mali aweke mfumo autakao, kwa sharti kiini chake kiufahamu. Kwa hiyo fundi akikuambia diski imekufa, mwulize kwanza: je, umeiwasha kwa flashi ukaona mafaili hayamo?